Turubai la Kivuli Lililopinduliwa na Kusi: Kisa cha Hiace ya Kambi Ufukweni Pangani

Mwezi Agosti, kwenye ufukwe wa Pangani, turubai la kivuli lililofungwa ubavuni mwa Hiace ya dada yangu na mumewe liliinuka ghafla, likang'oa vigingi vyake viwili mchangani, likapinduka juu ya paa la gari na kuangukia upande wa pili. Ilikuwa inakaribia saa kumi alasiri. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekwenda kununua samaki kwenye ngalawa zilizorudi. Waliporudi walikuta mkono mmoja wa alumini umevunjika, mwingine umepinda, na kasha la turubai linaning'inia kwenye breketi moja kati ya tatu. Jioni ile shemeji alinipigia simu, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Shemeji, upepo wenyewe haukuwa mkali."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa. Turubai linalochukuliwa na dhoruba halina la kutufundisha, lakini linalochukuliwa na upepo wa kawaida wa alasiri lina makosa yaliyotangulia, na mengine yalifanywa miezi miwili kabla ya gari kufika baharini. Sehemu ya makosa hayo ni yangu. Kazi yangu ni kushona na kutengeneza maturubai ya magari ya safari hapa Moshi, na walipokuwa wananunua waliniuliza. Niliwajibu kuhusu kitambaa tu, kwa sababu kitambaa ndicho ninachokishika kila siku.

Kwanza, neno. Zamani watu wa pwani waliita kivuli cha namna hii chandarua, ila siku hizi neno hilo limehamia kitandani, na ukimwambia mtu kwamba chandarua chako kimepeperuka atakuuliza kama mbu walikusumbua. Kwa hiyo nitasema turubai la kivuli, yaani kitambaa kinachotolewa ubavuni mwa gari, kikashikiliwa na miguu miwili au mikono yake chenyewe, na kurudishwa safari inapoendelea.

Gari lenyewe ni Hiace ya paa fupi, urefu wa mita 4.695 na kimo cha mita 1.98. Lilikuwa la abiria kabla ya kung'olewa viti na kuwekewa kitanda, kabati na mtungi mdogo wa gesi. Mlango wake wa kuburuta uko kushoto, na mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu. Mambo haya mawili yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyoamua nusu ya ununuzi. Turubai lilipaswa kukaa kushoto, juu ya mlango, kwa sababu hakuna anayetaka kuzunguka gari zima kila anapotaka sufuria. Mlango wa nyuma nao uliliondoa turubai la nyuzi 270, lile linalofunguka kama kipepeo na kufunika ubavu na nyuma kwa mkupuo mmoja. Kwenye Land Cruiser ambayo milango yake ya nyuma hufunguka kando, turubai hilo ni zuri mno, lakini kwa Hiace mlango unapoinuliwa hukutana na mikono yake, na jiko la familia hii liko nyuma. Katika hili walichagua vyema kulikataa.

Yalibaki matatu. La kwanza ni lile la mfukoni, linaloviringishwa kwa mkono na kufungwa kwa mikanda, kama lile la mita 2.5 kwa 2.5 ambalo kampuni ya ARB ya Australia imelizoesha kwa wasafiri wa porini. La pili ni la kasha la alumini, lenye mhimili ndani na mpini wa kuzungusha, la aina ambayo Fiamma ya Italia na Thule ya Sweden huwauzia wenye magari ya kambi Ulaya. La tatu ni turubai la kawaida lenye macho ya shaba, kamba na nguzo mbili, ambalo fundi yeyote wa mjini atakushonea kwa siku moja. Dada na mumewe walichukua la kasha, la mita 3 kwa 2.5, kitambaa cha vinaili. Sababu ya dada ilikuwa ya haki: ana maumivu ya bega na hawezi kuinua mikono juu ya kichwa akifunga mikanda. Sababu ya shemeji ilikuwa ukubwa. Mita za mraba saba na nusu, alisema, wajukuu wote watatosha.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, nalo ni kupima kivuli kwa ukubwa wa kitambaa. Kitambaa hakikai mahali pamoja na kivuli chake isipokuwa jua likiwa utosini. Safari yao ya kwanza, mwezi Julai, ilikuwa Ziwa Chala. Kutoka pale Kilimanjaro iko magharibi, nao, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, waliegesha gari ili ubavu wenye turubai uutazame mlima. Asubuhi ilikuwa raha tupu. Kwa saa za Tanzania, jua la upande wetu hufika kilele karibu saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili, na kuanzia hapo kila saa moja hushuka nyuzi zipatazo 15 kuelekea magharibi. Ilipofika saa tisa na nusu, turubai lililo kwenye kimo cha mita 2 lilikuwa limesukuma kivuli chake takriban mita 2 kuelekea mashariki, yaani kuelekea kwenye gari. Katika mita 2.5 walizonunua, walibakiwa na chini ya nusu mita ya kivuli, wakiwa wamebana migongo kwenye mlango. Saa kumi na nusu kivuli chote kilikuwa kimehamia uvunguni mwa gari, na mbwa wa mlinzi alikuwa amelala humo.

Lau ubavu uleule ungetazama mashariki, hesabu ingegeuka. Gari lenyewe lingetoa kivuli cha mita 2 na turubai lingekiendeleza, hata kufika mita nne na nusu kutoka mlangoni, bila kuongeza hata kipande kimoja cha kitambaa. Nilipomweleza shemeji, alielewa mara moja, pengine kupita kiasi. Aliondoka kwenda Pangani na kanuni moja kichwani: alasiri, turubai litazame mashariki.

Pangani, mashariki ni baharini, na mwezi wa Agosti upepo ni wa kusi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na alasiri huongezewa nguvu na upepo wa baharini unaoingia nchi kavu iliyopashwa moto na jua. Kwa hiyo upande uliokuwa bora kwa kivuli ndio uliokuwa mbaya kwa upepo. Walielekeza pua ya gari kusini, mlango ukatazama bahari, turubai likafunguka lote hadi mita 2.5, na ukingo wake wa mbele wakauinua ili wasizibe mandhari. Huko kuinua ukingo ndiko ninakokuona kama kosa kubwa kuliko yote ya siku ile. Turubai lililoinamishwa mbele husukumwa chini na upepo, lakini lililoinuliwa mbele hupokea upepo tumboni kama tanga.

Hesabu ya kukadiria inatosha kuonyesha kilichotokea. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao nahodha wa ngalawa hatauita dhoruba, husukuma kitambaa kilichoukabili kwa nguvu inayokaribia kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita saba na nusu, hizo ni kilo 45. Turubai halikuukabili upepo wima, kwa hiyo kwa kawaida hubeba pungufu ya hapo. Lakini upepo hauji kwa kipimo kimoja, na kasi yake inapoongezeka nguvu huongezeka kwa mraba wake: mkupuo mmoja wa kilomita 54 kwa saa huzifikisha kilo zile 100. Kilichokuwa kinazuia uzito huo ni vigingi viwili vya chuma vyenye urefu wa shibiri moja na ushei, vilivyopigwa kwenye mchanga mkavu. Mchanga mkavu haushiki kigingi. Nilipofika siku iliyofuata nilikipiga kimoja mpaka kichwani, kisha nikakichomoa kwa vidole viwili.

Mvuvi mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshuhudia tukio lote akitengeneza nyavu zake, alituuliza swali ambalo lilimtia shemeji aibu: "Mwanangu, ulitweka tanga ukaenda sokoni?" Akaendelea kushona. Watengenezaji wa maturubai haya nao huandika jambo hilohilo kwenye vijitabu vyao kwa maneno marefu, kwamba turubai lisiachwe wazi bila mtu, na likunjwe upepo unapoongezeka. Kijitabu cha kwao kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Sasa breketi. Kasha la urefu wa mita 3 ni mzigo wa kilo 20 na zaidi hata kabla ya upepo kulishika, na mzigo huo uko nje ya ukuta wa gari, hivyo daima unavuta ukingo wa paa. Hiace ina mfereji wa maji kwenye ukingo wa paa, na namna sahihi ni kufunga keria yenye miguu inayokaba mfereji huo kwa urefu wa kutosha, kisha breketi za turubai zifungwe kwenye keria kwa bolti zinazopita upande wa pili, zenye wosha pana na nati za kujikaza. Aliyewafungia, ambaye sina haja ya kumtaja, aliikaba keria kwa miguu miwili tu kila upande. Breketi ya kati ndiyo pekee iliyopata chuma cha keria. Zile mbili za pembeni alizipigia skrubu za bati moja kwa moja kwenye ukingo wa paa na kuziba kwa silikoni. Bati la paa ni jembamba kuliko sarafu. Skrubu nne zilichomoka zikiacha matundu yaliyoraruka kuelekea nje, na ile breketi ya kati, iliyokuwa na bolti, haikusogea hata kidogo. Nilichukua muda mrefu nikiitazama breketi ile. Kama zote tatu zingekuwa kama yeye, kasha lingebaki mahali pake, ingawa mikono ingevunjika vilevile, na pengine mfereji wenyewe ungepinda. Kufunga imara hakuondoi nguvu ya upepo, huihamishia tu kwenye kitu kinachofuata.

Chini ya breketi ya chuma iliyogusana na kasha la alumini tulikuta unga mweupe. Alumini na chuma vikigusana mahali penye maji ya chumvi, alumini huliwa taratibu. Walikuwa pwani kwa siku mbili tu, kwa hiyo unga ule haukutokana na safari hii, na ninashuku kwamba kasha lilikuwa limekwisha kutumika pwani kabla ya kuuzwa kama jipya. Hilo tuliliacha.

Tulipokaa kuamua la kufanya, shemeji alitaka kuliacha kasha kabisa na kurudi kwenye turubai la kamba. Dada hakukubali, na bega lake lilikuwa hoja yenye nguvu kuliko zote. Mimi nilipendekeza turubai la kasha libaki lakini lipunguzwe kazi. Tulitengeneza mikono, na kitambaa kilichochanika tukakikata kwenye mstari wa mpasuko, hivyo sasa kinatoka mita 2 tu badala ya 2.5. Eneo likashuka kutoka mita za mraba saba na nusu hadi sita. Wenye kupenda ukubwa wataona ni hasara. Lakini nusu mita iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na gari, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikilivuta kwa nguvu zaidi, kama vile mtu anayesukuma mlango akishika kwenye kitasa na si kwenye bawaba. Keria ikafungwa upya kwa miguu mitatu kila upande, breketi zote tatu kwa bolti, na kati ya chuma na alumini tukaweka vipande vya mpira.

Kivuli kilichopungua tulikirudisha kwa kitu cha bei ndogo, yaani neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani inayofunika vitalu vya miche. Nilikata kipande cha mita 3 kwa 2, nikakipiga pindo la mkanda na macho ya shaba, nacho huning'inizwa ukingoni upande ule jua liliko saa hiyo. Neti huzuia sehemu kubwa ya jua lakini huacha upepo upite, jambo ambalo ukuta wa vinaili hauwezi. Vilevile neti haiufungi moshi ndani, na kwa watu wanaopika kwa jiko la mkaa karibu na mlango hilo si jambo la kupuuza, kwani ukuta wa vinaili pande zote hugeuza kivuli kuwa chumba cha hewa ya sumu.

Vigingi tuliviacha kwa udongo mgumu. Kwa mchanga, kila mguu sasa una mfuko wa salfeti unaojazwa mchanga, kufungwa mdomo na kuzikwa kimo cha mkono kutoka kiwiko, kamba ikitokea juu kwa mshazari. Katikati ya kila kamba kuna kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili mkupuo wa upepo uunyooshe mpira kabla ya kufika kwenye mkono wa alumini. Kamba nazo ni za poliesta. Nailoni hurefuka ikilowa, na ukiamka alfajiri yenye umande unakuta turubai limelegea na kuanza kupigapiga, na kule kupigapiga ndiko kunakochosha mishono.

Mvua ilikuja mwezi Novemba, Lushoto. Niliwaonya juu ya upepo kiasi kwamba nilisahau maji, nao walifunga miguu yote miwili kwa kimo kimoja, kwa usawa mzuri kabisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita ni kilo. Mvua ya milimita 20 juu ya mita sita ni kilo 120, zote zikitafuta katikati ya kitambaa. Dada aliamka usiku kwa sauti ya alumini ikilalamika, akatoka na ufagio na kusukuma tumbo la turubai kutoka chini mpaka bwawa likamwagika, sehemu yake ikiwa mgongoni kwake. Tangu siku ile mguu wa nyuma hushushwa shibiri mbili kuliko wa mbele kila wanapolala, hata kama mbingu haina wingu. Waliondoka alfajiri, wakalikunja likiwa bichi kwa sababu barabara ya kushuka Mombo ilikuwa inawasubiri, na kasha likafungwa siku nne. Nilipolifungua Moshi lilikuwa na harufu ya gunia la maharage lililolowa, na kwenye pindo la pamba kulikuwa na madoa meusi ya kuvu. Vinaili yenyewe ilisafishika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, lakini pindo nililibadilisha. Kukunja likiwa bichi si dhambi, mradi lifunguliwe tena siku hiyohiyo au kesho yake.

Agosti iliyofuata walirudi Pangani, na safari hii nilikwenda nao. Suala la kivuli dhidi ya kusi lilikuwa bado halijajibiwa, maana mashariki kulikuwa bado ni mashariki. Tulijaribu kuelekeza pua ya gari baharini, hivyo mlango na turubai vikatazama kaskazini, mwili wa gari ukawa kati yetu na upepo. Agosti jua huwa kaskazini kwetu, kwa hiyo turubai lililotazama kaskazini lilipoteza karibu mita moja ya kivuli hadi saa tisa na nusu, na kilichobaki kilikuwa kimesogea takriban mita mbili kuelekea puani. Tulihamisha viti tukikifuata, na neti ikaning'inia upande wa magharibi. Haukuwa mpango mzuri sana, lakini kikombe cha chai kilikaa mezani bila kumwagika.

Saa kumi na robo upepo ulizidi. Kamba zikaanza kuvuta, vipande vya tyubu vikanyooka na kurudi, mara mbili, mara tatu. Dada hakungoja kuambiwa. Alifungua kamba, akaingiza miguu, akazungusha mpini kwa mkono wake mzima, na kasha likajifunga kabla mimi sijamaliza kukunja neti. Kisha akachukua kiti chake akakipeleka mbele ya pua ya gari, upande wa baharini, ambako kivuli cha Hiace yenyewe kilikuwa kimekwisha kufika zaidi ya mita tatu juu ya mchanga. Shemeji alimfuata na birika. Mbele yetu ngalawa zilikuwa zinaingia, na moja baada ya nyingine, kila ilipogusa maji madogo, ilishusha tanga.